Bunduki Haipiti Kisiki

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2014. Asubuhi hiyo theluji ilikuwa ikianguka nyembamba kama unga unaochekechwa, upepo ukitoka ziwani, na maji ya ndoo iliyoachwa barazani yalikuwa yameganda hadi chini. Niliwasha jiko la kuni, nikapiga magoti juu ya gunia la viazi, nikasali. Kila siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu mimi huomba jambo moja tu: wote wanaotoka warudi.

Kwetu kaskazini mwa Michigan siku hiyo shule hufungwa, na hata mwenye duka la vyuma hubandika karatasi mlangoni kusema yuko msituni. Sisi akina Hietala huwa kambini tangu jana yake. Kambi ni nyumba ya magogo yenye chumba kimoja. Sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, iko upande wa kijito, na kati yake na nyumba kuna rundo la kuni za mbetula. Mwaka huo rundo lilikuwa limefika kiunoni tu. Miaka mingine lilizidi kimo cha mtu, tena safu mbili. Kukata kuni ilikuwa kazi ya Veikko, mume wangu, na kila nilipomuuliza tangu Agosti alijibu kwamba amekwisha kuzikata.

Hatua chache mbele ya baraza kuna kisiki cha msonobari, kipana kama meza. Hapo ndipo sheria yetu ilipo. Baba mkwe wangu, Emil, alimuua ndugu yake mwenyewe, Heikki, mlangoni pa kambi hii kwa bunduki aliyodhani haina kitu. Veikko alikuwa na miaka kumi na mitano, ndiye aliyeshika taa. Tundu la risasi ile bado liko kwenye mwimo wa mlango, na hakuna aliyewahi kuliziba. Veikko alipokuwa mtu mzima aliweka sheria: bunduki haipiti kisiki kabla haijafunguliwa. Unavuta komeo nyuma hadi chemba, pale risasi inapokaa, ibaki wazi. Unasema kwa sauti, "Tupu." Mwenzako anachungulia, anatia kidole kidogo ndani ya chemba, anasema, "Nimeona." Kisha unarudisha komeo, unaelekeza mdomo wa bunduki kwenye rundo la kuni, unavuta triga ili springi ipumzike. Sote tunasikia ule mlio mdogo wa tak, na hapo ndipo unapanda barazani na kutundika bunduki ukutani, nje, ili kioo cha darubini yake kisiingie ukungu kwa joto la ndani.

Veikko alifundisha sheria hiyo kwa vijana wa wilaya nzima, katika chumba cha chini cha kanisa, kila majira ya masika, hadi waliokuwa vijana wakaja kuleta watoto wao.

Asubuhi hiyo tulikuwa watano. Mimi, Veikko, mdogo wake Onni ambaye mkewe alikwisha kufariki, binti yake Onni aitwaye Karla, na Brent, mume wa Karla, kijana wa jiji kubwa mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri. Mimi na Veikko hatukujaliwa mtoto. Karla alikulia nusu kwetu, nusu kwao.

Kabla ya kutoka, Veikko husimama mezani na kutuongoza kusema Baba Yetu. Alianza vizuri. Alipofika "utupe leo riziki yetu" akanyamaza, akarudi, "utupe leo," akanyamaza tena. Nikaendelea mimi, nao wengine wakanifuata, na mwisho tukasema amina.

"Uzee, mzee wangu," Brent akasema, akimpiga begani. "Ukimwomba mara mbili utaletewa riziki mara mbili."

"Wewe nyamaza, uvae kizibao chako cha chungwa," Veikko akajibu. "Mwaka jana ulivaa kahawia. Nilikaribia kukutoa utumbo."

Wakacheka. Mimi nilicheka pia. Lakini sala ile amekuwa akiisema tangu utotoni.

*

Brent alirudi wa kwanza, mchana, njaa ikimsukuma. Veikko alikuwa amerudi muda kidogo kuchukua glavu alizosahau, naye akamsimamisha kisikini. Niliwaona kupitia dirisha la jikoni nikifunga pasti, zile pai zetu za nyama na viazi.

"Tupu," Brent akasema.

"Sijasikia."

"Tupu, mzee!"

"Sema tena, kwa sauti. Hata kulungu ajue leo amesalimika."

"TUPU! Jamani, nipewe na kipaza sauti?"

Veikko akachungulia, akatia kidole, akasema, "Nimeona." Brent akaelekeza kwenye kuni, tak, akaingia ndani akinusa mkate wa iliki. Kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa, na nilimshukuru Mungu, nikajisema nimekuwa mwanamke wa hofu.

Baadaye kidogo Karla akatoka msituni, wakakutana na Veikko, aliyekuwa ametoka tena na sasa akirudi kwa chakula. Safari hii Veikko ndiye aliyepaswa kukaguliwa. Alifika kisikini, komeo limefungwa, akasema, "Tupu." Hakulivuta. Na Karla, ambaye alikuwa akijifuta theluji usoni, akasema, "Nimeona, baba mkubwa," bila kutazama. Nani angechungulia bunduki ya Veikko Hietala? Wakapanda barazani. Veikko akasahau hata kuvuta triga kuelekea kuni. Akaitundika ukutani na kuuliza chumvi iko wapi.

Nilingoja wakae mezani. Nikatoka kama ninayekwenda kuchota maji. Nikaishusha bunduki ile, nikaelekeza mdomo wake chini kwenye theluji, nikavuta komeo. Risasi ikaruka nje, ikaanguka juu ya mbao, ikabingirika hadi kwenye kiatu changu. Zilizobaki zikafuata moja moja. Nikazitia kwenye mfuko wa aproni. Sikumbuki nilisali maneno gani. Nakumbuka tu kwamba nilishika ule mwimo wa mlango, na kidole changu kilikuwa kwenye lile tundu.

Onni naye alikuwa amekwisha kurudi, akisafisha bomba la moshi la sauna. Nikamfuata huko, nikamwonyesha.

Aliziangalia risasi kwa muda. Onni alikuwa mtu wa taratibu, fundi wa boti, hakuwahi kukata neno kabla ya kulipima.

"Ni za Veikko?"

"Zilikuwa kwenye bunduki yake ukutani, shemeji. Moja ilikuwa ndani ya chemba. Sisi tumekaa upande wa pili wa ubao tukila."

"Na Karla?"

"Karla alisema ameona. Hakuona."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Usimseme mbele ya watoto. Nakuomba. Yule ndiye aliyenishika mkono siku ya ami yetu Heikki. Maisha yake yote ameyajenga juu ya kisiki kile. Ukimwambia mbele ya Brent, hatainua tena uso."

"Onni, sitaki kumwaibisha. Sitaki kuzika mtu."

"Najua. Mchana huu nitakaa naye mimi. Atakapomaliza, nitamwona akitoa risasi, na nitatia kidole changu mwenyewe. Usiku, tukishaoga, tukiwa wawili tu, nitamwambia. Bunduki zake nitazichukua nyumbani kwangu. Kwangu atakubali."

Nilimtazama. Alikuwa ndugu yake. Nilisema, "Basi. Lakini jioni nitasimama kisikini mimi, na nitatazama."

"Tazama, shemeji," akasema. "Hiyo ndiyo sheria. Mtu yeyote anaweza kuomba kutazama."

*

Giza kwetu Novemba huingia mapema. Nilikuwa nimesimama karibu na kisiki, aproni juu ya koti, mikono kwapani, Onni alipotokea peke yake kwenye njia. Karla na Brent walikuwa barazani wakivua buti.

"Veikko yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu, kasimama kujisaidia. Mzee wa kibofu." Akafungua bunduki yake, nikachungulia, nikatia kidole, nikasema nimeona. Kisha akashusha sauti. "Tulia sasa. Ametoa risasi zote mbele yangu, nimetia kidole. Iko tupu. Kwa mkono wangu, kwa macho yangu."

"Ulimwachia bunduki?"

"Ningemnyang'anya vipi, shemeji? Iko tupu." Akatundika bunduki yake, akavua koti lake la rangi ya chungwa na kulitundika kwenye msumari wa sauna, kama wafanyavyo wote wanaobeba kuni wasilichafue. "Naenda kuwasha moto. Leo nataka mvuke wa kumtoa mtu dhambi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho akiwa mzima. Niliona akiingia sauna. Sikuona akitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuchagua kuni kavu zilizokuwa chini ya rundo, upande wa kijito.

Veikko akaja. Alitembea wima, vizuri, mdomo wa bunduki chini, kama kwenye picha za kitabu alichofundishia. Komeo lilikuwa limefungwa.

"Tupu," akasema.

"Fungua nitazame, mume wangu."

Akasimama. "Nini?"

"Nataka kutazama."

Karla akainua kichwa kutoka barazani. "Mama mkubwa, ni baba mkubwa huyo."

"Najua ni nani. Nimelala naye miaka yote hii. Fungua, Veikko."

"Nani kakuweka askari?" Sauti yake haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Mpishi ananikagua? Mimi?"

"Aisee," Brent akasema, akicheka kidogo ili kuipoza hali. "Leo mwalimu amewekwa mbele ya darasa."

Laiti angenyamaza. Lakini simlaumu, na nimemwambia hivyo. Uso wa Veikko uliwaka.

"Mnataka kuona? Mnataka ushahidi?" Akageuka, akatupa mgongo sisi sote, kwa uangalifu, mdomo wa bunduki ukipita juu ya theluji tupu na si juu ya mtu. Hata katika hasira ile mikono yake ilijua. Akaelekeza kwenye rundo la kuni, pale alipotufundisha kuelekeza, pale ambapo maisha yetu yote tulisikia tak. "Sikilizeni basi!"

Nilisema, "Veikko, ngoja!" Nilisema hivyo kwa sababu ya komeo, si kwa sababu ya Onni. Sikujua Onni yuko pale.

Haikulia tak.

Alipotoka msituni, nyuma ya Onni, baada ya kujisaidia, alikuwa amesahau kwamba siku imekwisha. Alidhani ndiyo kwanza anatoka kwenda kuwinda. Mtu anayetoka hutia risasi, naye mfukoni hakukosa risasi kamwe. Hivyo ndivyo ninavyoamini, maana yeye mwenyewe hawezi kutuambia.

Mwangwi ulirudi kutoka ng'ambo ya kijito. Kisha nyuma ya kuni tukasikia sauti kama ya mtu anayejaribu kuinua kitu kizito.

Veikko alivuta komeo. Ganda likaruka. Akaliacha komeo wazi, akailaza bunduki juu ya kisiki, mdomo kuelekea msitu, taratibu kabisa. Ndipo alipokimbia. Mwanamume wa miaka sabini na mitano, alitupita sote.

Onni alikuwa amelala ubavu, mikono bado imekumbatia vipande viwili vya mbetula. Risasi ilikuwa imepita katikati ya magogo, pale safu ilipokuwa moja, ikamwingia chini ya mbavu. Karla alimwinua kichwa. Brent alivua shati lake katika baridi ile akalikandamiza juu ya jeraha, akilia na kusema, "Baba mkwe, nitazame, nitazame mimi." Nikapanda kilimani pale simu inapopata mtandao, nikapiga, nikarudi. Barabara ya kambi ilikuwa na theluji, na gari la wagonjwa hutoka mbali.

Nilipopiga magoti kando yake alinitambua.

"Nilitia kidole, shemeji," akasema.

"Najua, Onni. Najua ulitia."

"Ilikuwa tupu."

"Ilikuwa tupu. Ulitazama. Ulifanya sawa."

Nilimwambia amesamehewa dhambi zake zote katika jina na damu ya Yesu, kama tunavyoambiana kanisani kwetu, na akafumba macho kuonyesha ameamini. Gari lilipofika Karla alikuwa bado amempakata, lakini Onni hakuwa na haja tena ya gari.

*

Naibu wa sherifu alitusikiliza mmoja mmoja, akaandika kwamba ni ajali, akaichukua ile bunduki. Alikuwa mwanafunzi wa Veikko zamani. Alipokuwa akiondoka alimshika Veikko mkono kwa mikono yake miwili.

Tulirudi nyumbani kwetu mjini. Usiku ule Veikko alilia hadi akatapika. Nilimshika. Karibu na alfajiri akalala. Alipoamka akanywa kahawa, akatazama dirishani, akasema, "Theluji nzuri. Onni keshatoka?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama, na macho yake yalikuwa safi kama ya mtoto.

Nilimwambia. Nikaona habari ile ikimwingia kama mara ya kwanza. Alishika ukingo wa meza. Aliniuliza nani aliyefyatua, nami nilimwambia hilo pia, kwa sababu aliniuliza nikiwa nimeshika mkono wake, na sikuwa na uongo uliokuwa tayari.

Asubuhi iliyofuata akauliza tena.

Jamani, ninyi mnaosali, niambieni ninyi mngefanya nini. Nilikwenda chumbani nikamwomba Mungu anipe ruhusa ya kusema uongo. Nilisema, Bwana, wewe ni mwenye rehema, huwezi kutaka mzee huyu amuue ndugu yake kila asubuhi. Nikarudi jikoni, nikasema, "Onni yuko kambini."

Veikko akafurahi. Akamaliza kahawa. Nilikuwa nikiosha vyombo, na Karla alikuwa amekaa mezani kwetu akichagua nyimbo za maziko ya baba yake, niliposikia kabati la bunduki likifunguliwa ukumbini. Ufunguo wake Veikko huuvaa shingoni kwa uzi, na hakuwahi kumpa mtu. Akaja jikoni amevaa kizibao cha chungwa, bunduki ya pili mkononi, mdomo chini, komeo limefungwa.

"Basi nami natoka," akasema. "Onni hatanisubiri siku nzima. Karla, mwanangu, unakuja?"

Nilimwona Karla akiutazama ule mdomo wa bunduki, ambao ulikuwa umeelekea sakafuni, hatua moja kutoka miguu yake.

"Fungua nitazame, mume wangu," nikasema.

Safari hii hakukasirika. Alinipa. Nikavuta komeo, ilikuwa tupu, nikasema, "Nimeona," nikakaa sakafuni na bunduki ikiwa magotini. Nikamwambia Onni amekufa. Mbele ya Karla nikamwambia yote, tangu kisiki hadi gari la wagonjwa. Habari ile ikamwingia tena, mwanzo hadi mwisho. Karla aliinuka, akatoka nje bila koti.

Hapo nilijua. Uongo wangu wa huruma ulikuwa umemvalisha kizibao na kumtia bunduki mkononi. Ukweli tu ndio uliokuwa ukimkalisha kitini. Na nitakapokosea siku moja, au nikiwa sokoni, au nikiwa nimekufa, mtu mwingine atakuwa amesimama mbele ya ile bunduki.

Nilimwomba ufunguo. Alikataa. Brent alimwomba, akakataa. "Nyumbani kwangu, bunduki zangu," akasema, na mkono wake ukashika kifua. Nilifikiri kuukata ule uzi akiwa usingizini. Lakini kuna makabati ya bunduki katika kila nyumba ya mtaa wetu, na watu wote wangempa Veikko Hietala bunduki akiomba. Si ndiye aliyewafundisha?

*

Tulimzika Onni Alhamisi. Asubuhi hiyo Mungu alitupa kitu ambacho sikukiomba: Veikko aliamka anajua. Hakuuliza. Alinyoa ndevu mwenyewe, akavaa suti ya kanisani, akakaa kitandani akisema, "Aili, nimemuua Onni." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na huwa nasahau." Nikasema ndiyo. "Mungu wangu," akasema, "bora ningekumbuka."

Baada ya makaburi tuliteremka kwenye chumba cha chini cha kanisa, kile alichofundishia. Kahawa ilikuwa tayari, na mkate wa iliki, na ile picha ya bunduki iliyochorwa sehemu zake bado iko ukutani. Kwetu mtu mwenye jambo moyoni husimama hapo mbele ya wote na kuomba msamaha, naye anayeombwa humjibu. Kila mtu alijua nani atasimama. Vijiko viliacha kulia vikombeni.

Veikko alisimama. Alitia mkono mfukoni kutoa leso. Kikatoka kitu kingine pamoja na leso, kikagonga meza kando ya sahani ya mkate.

Ilikuwa risasi. Katika suti ya maziko. Aliitazama kama mtu anavyotazama nyoka kwenye blanketi la mtoto. Aliiweka lini? Usiku? Asubuhi ile ile? Hakujua, nami sikujua. Mwanamke mmoja aliivuta karibu mikono ya mtoto wake.

"Karla," Veikko akasema. "Nimemuua baba yako. Nakuomba unisamehe."

Karla alisimama. Uso wake ulikuwa mweupe, umevimba. Brent alikuwa amemshika kiuno.

"Leo siwezi, baba mkubwa," akasema. "Natamani ningeweza. Naomba unisubiri."

Hakuna aliyemkemea. Veikko akaitikia kwa kichwa. Kisha akaingiza vidole ndani ya kola, akauvuta ule uzi juu ya kichwa chake, akauweka ufunguo mezani pamoja na risasi. Akavisukuma vyote kwa Karla.

"Basi chukua hivi. Msamaha utakuja Mungu akipenda. Hivi ni vya leo." Akageukia chumba. Wengi wao waliketi kwenye viti vile vile walivyoketia wakiwa vijana, yeye akiwa mbele yao. "Mnanijua. Kwa hiyo nisikilizeni. Sitashika bunduki tena."

Alisema kwa sauti ndogo. Nyuma hawakusikia.

Karla alikuwa ameshika ufunguo kwenye ngumi. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikutetemeka.

"Sema tena," akamwambia. "Kwa sauti."

Veikko akanyoosha mgongo. Akanyanyua mikono yake miwili, akaifungua, akatuonyesha viganja.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," akasema, na safari hii walisikia hadi jikoni, "mimi Veikko Hietala naahidi sitashika bunduki tena, iwe ina kitu, iwe tupu, pawe na mtu, pasiwe na mtu. Nitaisahau ahadi hii, labda kabla hamjamaliza kahawa yenu. Kwa hiyo naiacha kwenu. Nikija mlangoni kwako kuomba bunduki, uniambie niliahidi. Nikikasirika, uniambie tena. Na nikiuliza Onni yuko wapi, msinihurumie. Niambieni."